Mama Lehemu Aliyekataa Kuambiwa "Nunua Kingine"

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani, garini au kitandani na homa zenu, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefungua vitu vilivyoandikwa "usifungue". Wengi mlimfahamu kwa jina la Mama Lehemu. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono. Narudia kwa wale waliochelewa kuwasha redio: Mama Lehemu, fundi wa chaja za viti vya magurudumu, ametutoka.

Sitawaambia kwamba alikuwa mpole. Waliomjua wangenicheka. Mdogo wake wa kiume, ambaye mtamsikia sana katika kipindi hiki, nilipomwomba amweleze dada yake, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Dada alikuwa mgomvi. Lakini aligombana na wanaostahili."

Basi tuanze.

Mama Lehemu hakuanza na lehemu. Alianza na nywele. Alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ya chumba kimoja, ghorofa ya chini, mlango ukitazama barabara. Vioo viwili, kimoja kina ufa. Kikaushio kimoja cha nywele, kile cha kofia kubwa, kilichovuma kama nyuki waliochokozwa. Wateja walimpenda kwa mkono wake mwepesi na walimwogopa kwa mdomo wake mzito. Ukimletea umbea, alikusuka vizuri na kukusema vizuri.

Nyuma ya saluni palikuwa na chumba alichoishi na huyo mdogo wake. Kijana huyo alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na tangu siku hiyo miguu yake ikasema basi. Ukoo mzima ulijibana, ukamnunulia kiti cha magurudumu cha umeme. Kwa kiti hicho alipata kazi ya mapokezi kwenye zahanati ya mtaa wa pili. Alikwenda mwenyewe, akarudi mwenyewe. Wasikilizaji wapendwa, kwa mtu aliyebebwa mgongoni kama furushi kwa miezi, hilo neno "mwenyewe" si neno dogo.

Halafu chaja ikafa.

Haikufa kwa kelele. Aliichomeka jioni kama kawaida, asubuhi akakuta betri tupu. Taa ya chaja haiwaki. Ukiinusa, inanuka kama plastiki iliyosahauliwa juani. Na betri za viti hivyo zina tabia moja mbaya: zikikaa tupu, nazo zinakufa. Kwa hiyo haikuwa chaja tu. Nyuma ya chaja ilikuwa betri, nyuma ya betri kiti, nyuma ya kiti ile kazi. Msimamizi wa zahanati alishatuma salamu: wiki ijayo asipoonekana, nafasi yake itakaliwa na mwingine.

Mama Lehemu akaifunga chaja kwenye kanga, akaenda kwa wakala aliyeuza kiti. Duka lenye vioo, sakafu inayong'aa, na kijana wa kaunta mwenye tabasamu la kuajiriwa.

"Chaja peke yake hatuuzi, mama," akaambiwa. "Inakuja pamoja na kiti."

"Kiti ninacho."

"Basi nunua kingine."

Akamtazama yule kijana. Akasema, na duka zima likasikia: "Kamba ya kiatu ikikatika, nanunua mguu?"

Meneja akatoka ndani kuja kutuliza mambo. Akamwambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba vyombo hivi havitengenezwi, vikifa vimekufa, ndivyo vilivyoundwa. Mama Lehemu akaichukua chaja yake. Mlangoni akageuka. "Kilichofungwa na mkono," akasema, "kitafunguliwa na mkono."

Maneno makali hayo. Lakini, wasikilizaji wapendwa, ukweli ni kwamba hakuwa anajua chochote. Alikuwa hajui hata umeme unaingilia wapi.

Alirudi saluni, akachukua bisibisi ya kukazia kikaushio, akaifungua chaja. Waya aliuchomoa ukutani kwanza, maana mjinga hakuwa. Akadhani umeme umekwisha. Ndugu zangu, umeme una hila. Ndani ya chaja kuna kikopo kidogo kinaitwa kapasita, nacho huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Akakigusa. Kikamrusha mpaka kwenye beseni la kuoshea nywele.

Mdogo wake, aliyekuwa kitandani chumba cha nyuma, akasikia kishindo. "Dada! Dada, uko hai?"

"Niko hai na nina hasira!"

Kesho yake akaona fyuzi imeungua. Akafurahi, akanunua fyuzi nyingine, akaiweka, akachomeka. Pa! Jengo zima likawa giza mchana kweupe. Chini ya kikaushio alikuwa amekaa mteja, nusu ya kichwa imekauka, nusu inadondosha maji. Mama yule alitoka hivyo hivyo barabarani akilaani.

Hapo ndipo mdogo wake alipomwambia kwa upole, "Dada, acha. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani."

Jibu lake linanukuliwa mpaka leo katika ule mtaa. Alisema: "Huo msemo aliutunga yule aliyeshinda."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na banda la fundi wa redio. Mwanamume mrefu, mkimya, mbahili wa maneno. Watu walimwita Fundi Redio, na walisema redio zake zinaongea kuliko yeye. Mama Lehemu akavuka barabara na chaja yake kwenye kanga.

Fundi akaitupia jicho moja. "Chaja hizi hazitengenezeki."

"Umewahi kufungua moja?"

"Sijawahi."

"Umejuaje?"

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia huongei na watu. Mbona tunaongea?"

Fundi Redio, ambaye sasa ni mzee na yuko nami hapa studio, anasema hapo alishindwa. Akasogeza kiti cha pili. Akamwonyesha kwanza jinsi ya kuumaliza umeme uliojificha: unaunganisha balbu kwenye kapasita, balbu inawaka kidogo, inazima, sasa ni salama kugusa. Kisha akamfundisha jambo ambalo Mama Lehemu alilirudia kwa kila mwanafunzi wake hadi mwisho. Nimemwomba mzee alirudie kwa sauti yake.

"Nilimwambia, fyuzi haifi bure. Fyuzi ni mlinzi. Ukimkuta mlinzi ameanguka getini, usilete mlinzi mwingine. Mtafute mwizi kwanza."

Wakamtafuta mwizi. Fundi akapima kwa mita, kipande kwa kipande. Wezi wakawa wawili. Dayodi moja iliyokuwa inapitisha umeme huku na huku badala ya upande mmoja tu, na kapasita iliyovimba kama shavu la mwenye jino bovu. Dayodi mpya alikuwa nayo. Kapasita akaing'oa kwenye televisheni ya zamani iliyokuwa inakusanya vumbi chini ya meza. Kumbukeni hilo, wasikilizaji: kapasita ilitoka kwenye televisheni ya zamani. Lilikuja kuwa na kisa.

"Nipe nilehemu mimi," akasema mwanamke.

"Utajiunguza."

"Mimi napitisha kitana cha moto kando ya masikio ya watu kutwa nzima. Nipe."

Akalehemu. Fundi anasema hajaona mkono wa mwanafunzi uliotulia vile. Alipasha mguu wa kipande, akaacha risasi iyeyuke na kutiririka yenyewe, bila kuikokota, kama anavyogawa nywele bila kuvuta ngozi. Vipande vikakaa. Fyuzi mpya ikakaa. Ikabaki kujaribu.

Fundi hakuichomeka moja kwa moja. Aliweka balbu kubwa katikati ya njia ya umeme. Balbu ikiwaka sana na kubaki inawaka, mwizi bado yumo. Mdogo mtu alikuwa amebebwa na majirani hadi bandani, maana alikataa kusubiri habari kitandani. Fundi akawasha. Balbu ikawaka, nyeupe, kali. Mama Lehemu akashika kiuno. Halafu balbu ikafifia, ikafifia, ikazima.

"Imezima," akasema mdogo wake. "Imeshindikana."

"La," akasema Fundi Redio. "Ikizima ndiyo imekubali."

Na kweli, pembeni ya chaja, kitaa chekundu kikawa kimewaka. Chaja imefufuka. Mama Lehemu hakulia. Alitoka nje ya banda, akasimama katikati ya barabara, akapiga kigelegele kuelekea upande lilipo duka la wakala, ingawa lilikuwa mbali na hakuna aliyemsikia.

Betri ilikuwa haijafa bado; ikajaa, na Jumatatu mdogo wake akaenda kazini. Mwenyewe.

Habari ya namna hiyo haihitaji redio kusambaa. Wenye viti wakaanza kuja. Mmoja kaletwa na mwanawe, mwingine kaletwa kwenye mkokoteni wa mizigo, na kila mmoja alikuwa ameambiwa lile lile: nunua kingine. Kioo chenye ufa kikatolewa, mahali pake ikawekwa meza ya kazi. Wateja wa nywele wakapungua, wa chaja wakaongezeka. Hapo ndipo alipobandikwa jina la Mama Lehemu. Na Fundi Redio akawa anavuka barabara kila siku, eti kuja kuazima kitu. Kuna siku alivuka, hakurudi. Wakaoana. "Alikuja kujifunza kulehemu," anasema mzee, "akanilehemu mimi." Amecheka aliposema hivyo.

Sasa wasikilizaji wapendwa, kumbukumbu isiyo na doa ni tangazo la biashara. Nitawaambia na hili, na familia imesema nilitaje.

Kulikuwa na mzee mmoja, refa mstaafu wa mpira wa miguu, aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Wanamwita Mzee Filimbi, kwa kuwa mpaka leo filimbi yake inaning'inia shingoni. Mama Lehemu alimtengenezea chaja. Akatumia kapasita kuukuu ya televisheni, kama ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilivumilia. Hii haikuvumilia. Ilipata moto, ikaunguza kitambaa na meza ya Mzee Filimbi, na kama mjukuu asingepita pale, ingeunguza zaidi.

Mzee alikuja amefura. Saluni ilikuwa imejaa wateja. Akamwaga yote mbele yao. Watu wakasubiri mdomo wa Mama Lehemu ufunguke, kwa kuwa haujawahi kukosa jibu. Ukafunguka.

"Aliyekosea ni mimi," akasema. "Niliweka kitu kilichochoka nikadhani kitafanya kazi ya kitu kizima. Nisamehe, mzee wangu. Meza nitailipa." Kisha akawageukia waliokuwa wanasubiri na chaja mapajani. "Aliyekosea ni mimi. Kutengeneza hakujakosea. Lakini leo hakuna chaja inayotoka humu. Na zile zote nilizotia vipande vya zamani, zirudisheni, nizifungue upya."

Hasira haina macho: Mzee Filimbi aliusikia msamaha, lakini akaondoka na chaja yake. Alikwenda moja kwa moja kwa wakala, akaitua ile chaja iliyoungua juu ya kaunta, akadai haki yake. Meneja akampokea kwa chai na kiti kizuri. Akaibakisha chaja. Na mzee alipouliza yeye atasaidiwaje, akajibiwa: "Mzee, nunua kingine."

Siku chache baadaye, mchana, meneja akafika saluni na afisa wa usalama wa majengo, mama wa makamo mwenye miwani. Chaja iliyoungua ilikuwa mkononi mwa meneja, ameinyanyua kama kombe. Majirani wakajaa mlangoni. Mdogo wake akaja na kiti chake kutoka zahanati, akajiweka kizingitini, akazima mota. "Anayetaka kufunga mlango," akasema, "anifunge na mimi."

Afisa hakumjali. Akauliza, "Mama, hii umeitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Ikaungua?"

"Ikaungua."

Meneja akatabasamu. Hakutegemea kazi iwe rahisi hivyo.

"Basi niambie kwa nini nisifunge hapa."

"Funga," akasema Mama Lehemu. "Lakini ukishafunga kwangu, nenda ukafunge na kwake. Chaja zote unazoziona mezani hapa zilinunuliwa kwake zikiwa mpya, na zote ziliharibika kabla hazijanijua. Moja imenishinda mimi. Zilizomshinda yeye hizi hapa. Mimi zangu narekebisha. Muulize yeye zake anazifanyaje."

Kabla meneja hajajibu, filimbi ikalia. Ndefu, kali, ya kusimamisha mchezo. Umati ukapasuka. Mzee Filimbi alikuwa anasukumwa na mjukuu wake, kiti hakina umeme, jasho linawatoka wote wawili.

"Faulo!" akasema mzee. "Chaja ni yangu. Meza ni yangu. Na hasira ilikuwa yangu. Nani kakupa ruhusa ya kuitumia hasira yangu?" Akanyoosha mkono. "Lete chaja yangu hapa. Huyu mama aliniomba msamaha mbele ya watu. Wewe uliniambia nini? Sema mbele ya watu!"

Meneja alimrudishia chaja.

Msidhani afisa alimbusu Mama Lehemu shavuni. Alimfungia. Ndiyo, alimfungia, tena kwa kufuli. Akampa masharti: vipande vipya tu, mtungi wa kuzimia moto ukutani, na kila chaja ichaji betri kutwa nzima mbele ya macho ya Mama Lehemu kabla haijarudi kwa mwenyewe. Meneja akaondoka ameridhika, maana alijua kapasita mpya za namna ile mjini pale anazo yeye peke yake, naye haziuzi.

Mama Lehemu alilitazama lile kufuli. "Masharti mazuri," akamwambia afisa. "Ningeyajua mapema, meza ya mzee isingeungua. Usiende mbali na ufunguo."

Kisha akapanda basi. Alikwenda mji mwingine, duka kwa duka, ameshika kapasita iliyovimba kama mtu anayetafuta ndugu kwa picha. Alipata vipande. Vipya, kwenye pakiti zake. Akarudi, akanunua mtungi, akamwita afisa aje kukagua. Chaja ya kwanza kutoka baada ya kufunguliwa ilikuwa ya Mzee Filimbi. Aliipeleka mwenyewe, akakaa nayo sebuleni kwa mzee kutwa nzima, mkono juu yake, kama anayempima mtoto homa. Haikupata moto. Walipiga porojo za mpira hadi betri ikajaa.

Miaka ikapita. Wanafunzi wakaja, wakajifunza, wakafungua vibanda vyao. Wakala naye alichoka kupoteza wateja. Siku moja likaonekana bango kwenye kioo chake: tunauza chaja na vipuri vyake. Mama Lehemu alipoambiwa, alivaa nguo ya sherehe. Akaingia dukani, akanunua kipuri cha kwanza, na kabla hajafungua pochi akaomba apunguziwe. Meneja yule yule, mvi zimemwota, alimpunguzia.

Maradhi ya kifua yalimshika mwaka jana. Alikuwa mkali kwa maradhi kama alivyokuwa kwa watu. Mumewe anasema siku za mwisho, sauti ikiwa imebaki kama uzi, alimwita mdogo wake akamwambia: "Usije kunililia ukiwa na betri tupu."

Akamsikia. Siku ya mazishi, wasikilizaji wapendwa, nilikuwepo. Njia ya makaburini inapanda kilima, ina mawe na mchanga. Wenye viti walikuwa wamekuja wengi, sijawahi kuona wengi vile mahali pamoja. Vijana wenye nguvu wakajitolea kuwasukuma. Mmoja akaweka mikono kwenye kiti cha mdogo wa marehemu. Yeye akaitoa ile mikono, taratibu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Dada yangu hakupigana vile ili siku hii nisukumwe."

Akabonyeza mota. Kiti kikaguna, gurudumu likateleza kwenye mchanga, likashika, kikapanda. Nyuma yake wengine wakapanda, mmoja mmoja, polepole, pua zikielekea juu. Sisi wenye miguu tukasimama kando kuwapisha. Hakuna aliyesukumwa. Narudia: hakuna hata mmoja aliyesukumwa. Wote walifika.

Kwa mumewe, Fundi Redio, uliyekaa nami hapa bila kutaka maji wala leso: pole sana, mzee wetu. Kwa mdogo wake, pole. Kwa wanafunzi wake wote, ambao leo mmefunga vibanda kwa heshima yake, poleni. Na nadhani angetaka mvifungue kesho asubuhi. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, usizime kwanza. Tazama hapo ulipo. Kuna kitu uliambiwa kimekwisha, ukakubali. Pengine ni chombo. Pengine ni kazi yako, au mguu wako, au mtu wako. Nani alikuambia? Na yeye, je, alishawahi kukifungua?